Bia ya Dirishani

Asubuhi ya kumzika Mama Ndinda, mume wangu alisimamisha gari Sultan Hamud, akaniambia nisishuke. Alitaka kununua chupa moja ya pilsna ya ng'ambo twende nayo kaburini, kwa sababu mwanamke aliyeuza bia karibu maisha yake yote hawezi kuagwa kwa soda peke yake, pasta apende asipende. Nikamwambia aniache nikachague mimi. Akasema miguu yangu imevimba, nikae tu, kwani bia ni kitu gani cha kumshinda mtu mzima. Nikacheka, nikakaa. Mbele yangu, upande wa pili wa barabara, mahali palipokuwa na baa ya Mama sasa pana duka la simu na saruji, na spika iliyowekwa mlangoni ilikuwa ikipiga nyimbo za injili. Nilitafuta kwa macho ule mlango mdogo wa upande ulioingia stoo, nisiuone. Nilihuzunika, lakini huzuni yenyewe ilikuwa na kicheko ndani yake. Mwaka nilioishi nyuma ya mlango ule ndio ulioyaweka maisha yangu sawa, na ndio huo huo uliokaribia kuninyima mume kwa sababu ya chupa chache za kijani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati bia za ng'ambo zilipoanza kuingia nchini kwa wingi. Kabla ya hapo mtu alikunywa kilichokuwepo. Ghafla malori yaliyopanda kutoka Mombasa yakawa yanashusha katoni zenye maandishi ambayo hakuna mtu pale mjini aliyeweza kuyasoma, na wateja wakawa wanaagiza kwa kunyoosha kidole. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili na kukosa kazi. Mama Ndinda, rafiki wa shangazi yangu, alitaka msichana asiyekunywa wa kukaa stoo, kwa sababu wawili waliotangulia walikuwa wamekunywa stoo yenyewe. Baba yangu, mzee wa kanisa kule Kilungu, alikubali kwa sharti moja, kwamba nitazitunza hizo chupa lakini sitafungua hata moja. Sharti hilo lilidumu hadi lori la kwanza lilipofika.

Stoo ile naikumbuka vizuri kuliko nyumba nyingi nilizolala. Haikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa za mawe, zimepakwa chokaa kwa ndani, na juu ya mabati palitandazwa magunia ambayo kila mchana nilipanda ngazi kuyamwagia maji. Sakafu yake ilikuwa baridi hata miezi ile ambayo lami ya nje ilikuwa inashika viatu. Palinuka gunia bichi na mafuta ya taa, na ikikaribia saa sita palinuka mbaazi zilizokuwa zikichemka jikoni, upande wa pili wa ukuta. Tulikula humo humo, tumekalia makreti yaliyopinduliwa. Mara nyingi ilikuwa ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa jana uliokaangwa na kitunguu, na Jumapili, nikitoka kanisani, tulikula chapati na ndengu. Mama alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka bonde la pili, na alikula huku akiongea, akinielekeza kwa kijiko. Mimi niliyekuzwa katika nyumba ambako chakula kililiwa kwa utaratibu baada ya sala ndefu, nilijikuta nikingoja ile saa ya mchana siku nzima.

Lori lilipofika, Mama hakujishughulisha na katoni za juu. Alivuta ile ya chini kabisa, iliyosafiri karibu na joto la injini kutoka pwani, akatoa chupa moja, akaifungua bila kuitia friji. Siku ya kwanza nilimuuliza mbona asiipoze kwanza, maana wateja wengi walikunywa baridi. Akanitazama kwa huruma. "Baridi ni nguo, Mumbua," akasema. "Ukitaka kujua bia, ivue kwanza."

Kwanza tulisikiliza. Kizibo kikitoka, chupa ipumue kwa nguvu, isigune tu na kunyamaza. Halafu tulimimina kwenye glasi nyeupe, tukaisimamisha mbele ya ukuta wa chokaa. Rangi iwe ya nyasi kavu, na ukiweka kidole nyuma ya glasi ukione. Povu lilitakiwa kukaa muda wa salamu kamili ya Kikamba, unapouliza habari za watu, watoto, mvua na ng'ombe, na likishuka liache pete kwenye glasi. Kisha pua. Pilsna mpya inanuka majani yaliyokatwa sasa hivi na unga uliokandwa. Iliyokaa sana inanuka boksi lililonyeshewa, na nyuma yake utamu wa asali ya zamani. Na kama ni ya chupa ya kijani na ilipigwa na jua, hapo hapahitaji fundi, inanuka kicheche. Mama alinifundisha kutofautisha hata upande uliopigwa na jua, kwa sababu lebo hufifia upande mmoja tu. Mwisho kabisa ulikuwa ulimi. Uchungu uje, usalimie, uondoke. Ukibaki kooni kama dawa ya malaria, lori lirudi na mzigo wake.

Kuhusu hilo la ulimi nilisali kwanza, kweli kabisa, nimesimama katikati ya makreti na glasi mkononi. Kisha nikaonja, nikatema kwenye ndoo ya majivu, na hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka mzima bila kumeza hata tone. Nilishangaa kuona kwamba nina kipaji. Nilikuwa msichana wa kawaida shuleni, wa kawaida kwaya, na kwenye taipureta niliongoza kutoka nyuma. Lakini nikiinamisha uso juu ya glasi ile nilijua, na nilijua kabla ya Mama. Baada ya miezi michache akawa ananisukumia glasi kwanza na kungoja. Akaanza kuniita Pua. Wenye malori wakawa wanauliza wakishuka, "Pua yuko?" na kama wana mzigo waliouacha juani kule Mtito Andei wakitengeneza gurudumu, walikuwa wanaomba Mungu niwe nimeenda nyumbani. Nilifurahi sana mwaka ule. Sijui kama nimewahi kujitembeza duniani kwa majivuno kama niliyokuwa nayo nikivuka barabara kwenda kununua chumvi.

Wengine waliojua bia pale walikuwa wazee wa moto. Baa za kwetu mtu huulizwa anataka moto au baridi, na wale wazee wa benchi la nyuma walikunywa moto, yaani jinsi ilivyotoka stoo, kwa sababu ya vifua vyao na kwa sababu ndivyo walivyozoea. Madereva na watu wa Nairobi walikunywa baridi na kusifu kila kitu. Wazee ndio walionung'unika. Nilikuwa nawasikia kupitia kile kitundu cha ukutani nilichopitishia chupa kwenda kaunta. Mmoja akisema hii imelala jua, mwenzake akisema hapana, hii imelala tu, basi Mama angekuja stoo mbio na kuniuliza tumepitwa wapi.

Kupitia kitundu hicho hicho ndipo nilipomjua Musembi. Alikuwa na duka la spea za magari hatua chache kutoka baa, na kila alasiri, akishafunga mlango mmoja wa duka, alikuja kukaa kwenye kiti cha karibu na kitundu, akaagiza pilsna baridi. Kitundu kilikuwa kidogo. Niliona mkono wake, saa yake, na vifungo vya shati lake, na nikiinama sana niliona kidevu. Tukapiga gumzo mwezi baada ya mwezi, yeye na kitundu, mimi na vifungo. Aliniambia habari za mama yake aliyekuwa Tseikuru na mbuzi wake, na jinsi mteja mmoja alivyomletea taa ya gari akitaka kubadilishiwa kwa sababu haimuliki anakotaka kwenda. Nilikuwa nacheka mpaka Mama ananigongea ukuta. Sijui ni lini hasa gumzo lilipoanza kuwa kitu kingine. Najua tu kwamba alipokosa kuja siku mbili kwa ajili ya homa, chupa zote zilininukia boksi.

Tulipoanza kuzungumzia kuoana, shida ikawa kwamba kila siku glasi yake ilirudi tupu. Na baa iko kando ya barabara kubwa, watu wa Kilungu wanapita. Shemasi mmoja aliyeshuka pale kubadilisha gari alimwona, akarudi na habari hiyo nyumbani kabla ya jua kutua. Jumapili iliyofuata baba alinikalisha chini sebuleni, kwenye vile viti vyenye vitambaa alivyoshona mama, akaniambia kwa upole kwamba mimi anaweza kuniacha nikae katikati ya pombe kwa sababu ananijua, ila binti yake haolewi na mlevi. Upole wake uliniumiza kuliko kama angefoka. Niliporudi nilimuuliza Musembi waziwazi. Akaniapia kwamba hajawahi kunywa. Alisema hawezi kukaa baa kila siku na soda moja akizuia kiti, Mama atamfukuza, kwa hiyo analipa bia na kumsogezea dereva yeyote aliyekaa kando. Nilitaka kumwamini. Nusu ya moyo wangu iliamini, na nusu ikauliza, mlevi gani aliwahi kukubali kwamba anakunywa. Mimi niliyeweza kuijua bia iliyougua njiani sikuweza kujua kama mwanamume ninayempenda anakunywa au hanywi.

Aliyeokoa mambo, au aliyeyatia moto zaidi, alikuwa Umau, babu yangu. Alikuwa amefanya kazi ya kuhudumu kwenye behewa la chakula la reli miaka mingi, na kule nyumbani ndiye peke yake aliyebaki na kikombe chake baada ya wengine wote kuokoka. Akasema kijana asikataliwe bila kuonekana. Alete mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, kama watu wanavyofanya, wenye kanisa wanywe chai na soda zao, lakini fungu lake yeye liwe pilsna ya ng'ambo, isiyotiwa baridi, kama ile aliyokuwa akiwahudumia wazungu na kumalizia kilichobaki chupani. Na kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma, ndiye wa kuonja kwanza. Akimeza na kupitisha kikombe, mazungumzo yanaanza. Akikiweka chini, wageni wanakula, wanashukuru, wanarudi na mbuzi wao hadi siku nyingine. Baba akakubali, lakini alituambia mimi na mama kwamba kwa huyu hakutakuwa na siku nyingine.

Nilimwambia Musembi aje stoo nimchagulie katoni ambayo Umau angeinywa akilia. Alitaka. Mjomba wake ndiye aliyekataa, akasema haijasikika popote Ukambani msichana kuchagua pombe ya kujiolea, na hata Mama Ndinda asihusishwe, kwa kuwa mimi ni kama mtoto wake. Musembi akaniambia nisijali, atanunua mwenyewe. Sikulala vizuri wiki nzima.

Siku yenyewe walifika saa nne, jua likiwa limeshashika vilima. Mimi kwa desturi nilikaa jikoni na wanawake, nikimenya viazi, na Mama Ndinda alikuwa ameketi kando yangu akichambua mchele, amekuja na gauni lake la maua na katoni yake ya zawadi kwenye gari. Jiko letu lilikuwa limeshikana na nyumba ndogo ya Umau, na juu ya ukuta palikuwa na mwanya wa kutolea moshi, kwa hiyo kila lililosemwa kule tulilisikia. Mpwa wa Musembi akapita uani na kreti ya mkate kichwani. Ndani yake mlikuwa na chupa za kijani, zimepangwa vizuri, zinang'aa. Nikaona lebo. Upande mmoja zilikuwa nyekundu, upande wa pili zilikuwa zimepauka kuwa rangi ya maziwa yenye damu. Kisu kikaniponyoka. Mama naye alikuwa ameziona. Hatukuhitaji kuambiana.

Mama alinyanyuka na ule mwili wake wote, akaenda kwenye gari, akarudi na katoni yake begani, bia iliyotoka stoo gizani, niliyoionja mwenyewe wiki ile. Akafika mlangoni kwa Umau. Hapo alisimama shangazi yangu, na shangazi hakusogea. Alisema kinachonywewa ndicho kilichoingia na watu wa bwana harusi. Kingine chochote ni chetu, na sisi hatujioi wenyewe. Mama akambembeleza, akamtania, akamwita jina la utotoni. Haikusaidia. Akaiweka katoni chini pale mlangoni, akarudi akaketi, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na punje za mchele.

Tulisikia kizibo. Kilitoa pumzi fupi. Tulisikia bia ikimiminwa, kidogo chini kwanza kwa ajili ya waliotangulia, na baba akikohoa kama alivyokuwa akikohoa kila mara jambo hilo likifanyika mbele yake. Harufu ilitufikia kupitia kwenye mwanya, na mama yangu mzazi, ambaye hajui bia, akauliza kama kicheche kimeingia kwa kuku. Nilikuwa nikisema moyoni, Mungu wangu, nusu glasi tu, ameze tu.

Umau alipokuwa na jambo zito alipenda kulisema kwa Kiswahili cha reli. "Kijana," akasema, "hii umetoa wapi?"

"Emali, Umau."

"Ulionja?"

"Hapana. Mimi sikunywangi."

"Sasa ulijuaje ni mzuri?"

Musembi akajibu kwa ile sauti niliyoizoea, ila safari hii ilikuwa ikitetemeka. "Zingine zilikuwa huko nyuma kwa giza, na vumbi mingi. Nikaona hizo ni za zamani. Nikachukua zile za dirishani. Zilikuwa safi."

Umau alianza kucheka taratibu, halafu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka tukasikia mtu akimpiga mgongoni. Alipopata pumzi alimwita baba kwa jina. "Wewe uliniambia huyu ni mlevi," akasema. "Mimi nimekunywa kabla sijaota ndevu. Nimekunywa na walevi weusi na weupe, Mombasa mpaka Kisumu. Hakuna mlevi anaweza nunua bia ya dirishani. Mlevi angeingia kwa hiyo vumbi na mikono yote miwili." Kisha akasema, polepole, "Huyu hata ukimfinya hatatoa tone. Mpe msichana."

Sikuona alichofanya, ila shangazi aliyechungulia alituambia baadaye. Umau aliinua ile glasi, akameza, akakunja uso kuanzia paji hadi shingo, akampa baba. Baba, ambaye hakuwa ameshika pombe tangu kubatizwa, aliikaribia kwa pua tu, akarudisha kichwa nyuma haraka. Na ndipo tulipomsikia akicheka. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka. Kicheko kile kilikuwa kikubwa, na kilipopitia kwenye mwanya nilianza kulia machozi yakiingia kwenye viazi, na Mama Ndinda akalia nami, na mama akawa anatuuliza sote tuna nini. Kabla hatujatulia, Umau alipaza sauti kwamba ile nzuri ya yule mama iliyoachwa mlangoni sasa iingie, kwa sababu hii ya kijana imeshamaliza kazi yake.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Kama shangazi angesogea hatua moja tu, Umau angekunywa bia safi kabisa, iliyochaguliwa na mtu anayejua, na angemtazama Musembi na kuona kile ambacho shemasi alikiona. Mimi na Mama, kwa mapenzi yetu na ujuzi wetu wote, tungempoteza. Mama alilisimulia hadi miaka yake ya mwisho. Akifika pale pa shangazi kukataa kusogea, alikuwa akisimama na kuziba mlango kwa mwili wake ili watu waelewe. Hata nilipomtembelea mara ya mwisho, sauti ikiwa imebaki ya kunong'ona, aliniuliza kama mume wangu amejifunza kununua bia. Nikamwambia bado. Akasema vizuri, asije akajifunza.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu, mlango wa gari ulifunguliwa. Musembi aliingia akihema kidogo, mvi zimejaa jasho, akaniwekea chupa ya kijani mapajani. Ilikuwa na joto. Nikaigeuza. Lebo ilikuwa nyekundu upande mmoja, na upande wa pili imepauka. Akaniambia msichana wa dukani alitaka kumpa nyingine kutoka nyuma, akakataa, kwa sababu ile ilikuwa na vumbi. Akaniuliza kama hii ni sawa.

Niliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa naona Mama amekaa chini kwa kicheko. Nikamwambia ni nzuri sana, ni hiyo hiyo Mama aliyokuwa anaitaka, awashe gari twende.